Pampu ya insulini imenyamaza, sukari inapanda: anzia kwenye kanula

Saa nne usiku simu yangu iliita. "Shikamoo Sista, samahani kwa usiku huu. Sukari ya mwanangu ni 19. Nimempa dozi ya kusahihisha mara mbili kwa pampu, haishuki. Na pampu haijalia hata mara moja."

"Marahaba mama. Kanula umeibadilisha lini?"

Akajibu kwamba ni jioni ile ile, binti alipotoka kuoga. Kanula ni kile kimrija kidogo kinachokaa chini ya ngozi na kupitisha insulini inayotoka kwenye pampu. Nikajua pa kuanzia.

Nilimwomba aiache pampu kwanza. Akapima ketoni, zile tindikali zinazojaa kwenye damu mwili ukikosa insulini, zikasoma 1.2. Akachukua kalamu ya insulini, akamchoma dozi iliyoandikwa na daktari kwenye mpango wa binti kwa ajili ya hali kama hiyo, akampa maji ya kunywa, ndipo tukarudi kwenye mrija. Alipobandua plasta akasema, "Sista, hapa pamelowa. Mimi nilidhani jasho." Nikamwambia anuse. Ilikuwa ile harufu kali ya dawa, kama ya kidonda kilichotoka kusafishwa hospitali. Hiyo ni insulini. Harufu yake inatokana na fenoli na kresoli zinazotiwa humo ili isiharibike. Kanula ilikuwa imejikunja katikati, na dozi zote mbili zilikuwa zimerudi juu ya ngozi.

Kwa nini basi pampu haikulia? Wazazi wengi huniuliza hivyo, na ni haki yao kuuliza. Kengele ya kuziba inategemea msukumo: insulini ikikosa njia, shinikizo linapanda ndani ya mrija, pampu inalihisi, inalia. Ikivuja hakuna shinikizo lolote, kwa hiyo pampu inaendelea kuhesabu kwamba dozi imeingia, na hata ile insulini inayoonyeshwa kwenye kioo kuwa bado iko mwilini haipo. Na hata njia ikiziba kweli, kwa mtoto kengele inaweza kuchelewa masaa. Yuniti moja ni mililita 0.01 tu. Mtoto anayepokea yuniti 0.2 kwa saa anapata kiasi kidogo mno kuliko tone la maji. Shinikizo litapanda lini?

Wakati huo mwili hauna akiba. Anayechoma insulini ya muda mrefu mara moja kwa siku ana kitu cha kumshikilia, lakini pampu inatumia ile ya haraka peke yake. Njia ikikatika, ndani ya masaa machache sukari inapaa na ketoni zinaanza. Ndiyo maana nasisitiza: sukari ikipita 14 (mmol/L) bila sababu, na dozi ya kusahihisha isiishushe ndani ya saa moja au mbili, dozi inayofuata ipite kwenye sindano au kalamu, na kanula ibadilishwe. Ketoni za damu zikiwa chini ya 0.6 una nafasi ya kutulia na kukagua. Zikifika 1.5 mpigie daktari wako. Zikifika 3, au mtoto akianza kutapika, nenda hospitali usiku huo huo. Vijiti vya mkojo navyo vinafaa kama huna vya damu, ila kumbuka vinakuonyesha hali ya masaa yaliyopita.

Hewa nayo inasumbua, hasa kwetu Dar. Insulini ikijazwa ikiwa baridi kutoka kwenye friji, inapopata joto inatoa vipovu. Itoe mapema, iache ubaridi wake uishe, kisha ujaze. Mrija wa sentimita 60 kwa kawaida hubeba karibu yuniti 10, hivyo hewa yenye urefu wa sentimita 6 ni kama yuniti moja iliyokosekana. Kwa binti wa yuniti 0.2 kwa saa, hayo ni masaa matano bila insulini. Ukiiona, chomoa mrija mwilini kwanza, ndipo uisukume itoke.

Ukikuta damu kwenye mrija, badilisha tu, usisubiri.

Kuna kinachoniuma zaidi katika kazi hii. Kijana wa miaka kumi na nne sukari inapanda wiki nzima, nyumbani anaambiwa anakula pipi kwa siri. Namgusa tumbo karibu na kitovu, nakuta uvimbe laini kama mpira, kwa sababu kanula inawekwa hapo hapo kila mara, maana hapaumi. Insulini ikiingia kwenye uvimbe ule inafyonzwa vibaya, leo haraka, kesho polepole. Tafadhali, pitisheni mkono kwenye ngozi ya mtoto kabla hamjamtuhumu. Pahame: upande wa pili, kalio, paja. Kanula laini ikae siku mbili hadi tatu, ya chuma isizidi mbili.

Na ibadilisheni asubuhi au kabla ya chakula cha mchana, ngozi ikiwa imekauka kabisa, msiifanye kazi ya kulalia. Masaa mawili baadaye pimeni. Binti yule ilibidi awekewe mpya usiku, kwa hiyo mama yake alikaa macho. Saa nane usiku akanitumia ujumbe: sukari 11, ketoni 0.4, plasta kavu.