Jamani, ukuta haurudishi ufukwe

Kila Januari picha ile ile huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp: ngazi za mbao zinaning'inia hewani, tuta la mchanga limekatwa wima, na nyuma yake vibanda vya mbao vimejificha kwenye misonobari. Maneno chini ya picha nayo ni yale yale. "Kumbe hata Ulaya bahari inawala! Si wajenge ukuta tu?" Mwaka huu nimeletewa na watu wa ukoo, na wa kazini, hadi shemeji wa Tanga ambaye huwa hanitumii kitu ila salamu za Idi. Kazi yangu ni kupima fukwe za pwani hiyo hiyo ya Ufaransa. Kwa hiyo naandika mara moja, na atakayeuliza tena nitamtumia kiungo.

Tumalize kwanza la nguo, maana ndilo hutangulia kuulizwa. Ndiyo, vibanda vile ni vya wanaturisti, watu wanaopumzika bila nguo. Pale ni Montalivet, Médoc, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Albert na Christiane Lecocq walikifungua kituo hicho mwaka 1950, na shirikisho la kimataifa la wanaturisti lilizaliwa hapo hapo mwaka 1953. Kaskazini kidogo, Grayan, kuna kijiji kingine kikubwa, Euronat. Na hapana, Januari hakuna anayetembea uchi. Mchana joto ni nyuzi kumi hivi, na upepo wa magharibi unakuja na mvua yake. Wachache wanaobaki wanavaa makoti na buti kama watu wengine. Wanaoondoka humwaga maji yote yaliyomo mabombani, la sivyo yakiganda yatayapasua, na wakirudi majira ya kuchipua kazi ya kwanza ni kuzoa mchanga barazani kwa chepe. Ufukwe wenyewe ni mali ya umma, hivyo msimu wa baridi unakuwa wa wavuvi wa ndoano na watu wanaotembeza mbwa. Wote wamevaa. Basi.

Sasa mchanga. Dhoruba ya baridi haiuli mchanga, inauhamisha. Mawimbi makubwa huuchota kutoka juu ya ufukwe na chini ya tuta, yakaulaza kwenye mafungu yaliyo mita mia kadhaa baharini. Mafungu hayo ndiyo yanayoyavunja mawimbi yanayofuata kabla hayajafika nchi kavu. Yaani ufukwe unajikinga kwa mchanga wake wenyewe. Kiangazi, mawimbi ya taratibu huusukuma kurudi. Mtu wa pwani yetu asishangae: ufukwe wa kusi si ufukwe wa kaskazi, na hilo wavuvi wetu walilijua kabla sijazaliwa.

Tatizo la Médoc ni kwamba bahari ni kama mteja wa daftari dukani kwa Mangi: anakopa, analipa, lakini kila mwisho wa mwezi kuna shilingi kadhaa hazirudi. Mkondo wa pwani unaupeleka mchanga mbali mwaka mzima, na mito haileti wa kutosha kufidia. Kwa pwani ya mchanga ya Gironde, wilaya yenye Médoc ndani yake, tunazungumzia pwani kurudi nyuma wastani wa mita 2.5 kwa mwaka. Wastani, narudia. Kuna sehemu hazisogei miaka mitano, kisha usiku mmoja zinaondoka mita kumi.

Ndiyo maana picha moja ya Januari haikwambii kitu. Imepigwa baada ya bamvua, maji yanapojaa sana, au maji mafu, yanapojaa kidogo? Mawimbi yale yale yakija wakati wa maji mafu yanaweza yasiliguse tuta kabisa. Yakija bamvua limejaa, yanalipiga mguuni saa nzima. Hata hivyo dhoruba moja ni habari ya kuuzia magazeti. Kinachoumiza ni mfululizo. Msimu wa 2013-2014 zilikuja moja baada ya nyingine, mafungu hayakupata nafasi ya kurudisha kitu, na kwa upande huu wa Atlantiki ulikuwa msimu wa mawimbi yenye nguvu kuliko yote tangu angalau 1948. Miaka iliyofuata ufukwe wenyewe ulijijenga upya haraka kuliko tuta. Tuta linangoja upepo ulete mchanga na nyasi zinazoitwa oyat ziukamate, na nyasi hazina haraka. (Ndiyo, hata nyayo zisizo na viatu zinaziua. Mwili kuwa uchi hakumpi mtu ruhusa ya kukatiza juu ya tuta.)

Ukitaka kujua kama pwani inarudi nyuma kweli, achana na ngazi, tazama maboma ya zege ya Wajerumani. Yalijengwa juu ya matuta wakati wa Vita Kuu ya Pili. Leo mengi yako ufukweni, yameinama, mengine huyaoni mpaka maji yapwe.

Haya, ukuta.

Ukuta unalinda kilicho nyuma yake. Hiyo ndiyo kazi yake, na ukijengwa vizuri unaifanya. Nani aliwaambia unalinda ufukwe? Pale ambapo pwani inarudi nyuma, mstari wa maji unaendelea kusogea bara, uwe umejenga au hujajenga. Ukigandisha upande wa juu kwa mawe huku upande wa chini unazidi kuja, kinachobanwa katikati ni ufukwe. Mwanzo unakosa ufukwe maji yakijaa, baadaye unakosa hata yakipwa. Isitoshe, mchanga uliokuwa ndani ya tuta, ambao ungeshuka kulisha mafungu, umeufungia. Na pale ukuta unapoishia, jirani analiwa zaidi. Yeye naye atataka ukuta.

Lakini msikimbilie upande wa pili mkasema "ukuta unakula mchanga". Hao nao wananichosha. Kwamba mawimbi yakigonga ukuta yanarudi na nguvu na kuchimba mbele yake, hilo linaonekana kwa macho wakati wa dhoruba. Je, shimo hilo linabaki, au linajaa kiangazi kama kwenye ufukwe usio na ukuta? Wataalamu wamebishana kwa miongo, na vipimo vyangu mwenyewe havinipi jibu safi. Kubanwa kwa ufukwe nina hakika nako. Kuchimbwa na ukuta wenyewe, nina mashaka, na anayekuuzia hakika muulize alipima miaka mingapi.

Zipo sehemu ambako mawe ni uamuzi wa maana. Lacanau-Océan ina mji mzima mbele ya bahari. Pale wameweka mawe ili kununua muda, na wanajua ni muda tu wanaonunua. Kijiji cha wanaturisti ni kitu kingine. Watu wanakuja kwa sababu ya ufukwe. Ukiwaokolea vibanda kwa kuwanyang'anya ufukwe umewaachia nini, wavue nguo watazame mawe?

Halafu kibanda cha mbao kinahamishika. Linganisha na Le Signal, jengo la nyumba 78 pale Soulac, mwendo mfupi kaskazini. Lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1960 likiwa mita mia mbili hivi kutoka baharini. Januari 2014 wakazi waliamriwa watoke, na mwaka 2023 likabomolewa. Wenye nyumba walihangaika miaka na fidia, kwa kuwa mfuko wa majanga ya asili haukuhesabu mmomonyoko wa tuta kuwa janga la kufidiwa. Ghorofa hulibebi mgongoni. Kibanda unakifungua, unakirudisha nyuma, unakifunga tena.

Kwa maneno ni rahisi. Montalivet ardhi ni ya manispaa, nyuma kuna msitu, na sheria ya pwani ya 1986 haikuruhusu kusogea popote unapotaka. Sheria ya 2021 imezitaka manispaa zilizo kwenye orodha ya zinazotishiwa na mmomonyoko kuchora ramani ya pwani itakavyorudi nyuma kwa miaka 30 na kwa miaka 100. Makadirio ya mkoa kwa pwani ya mchanga ni wastani wa mita 50 ifikapo 2050, na juu yake mita 20 za akiba kwa dhoruba kubwa moja. Hizo mita 20 ndizo zinazoninyima raha, maana hakuna anayeweza kumwambia mwenye kibanda cha safu ya mbele ahame mwaka gani. Ukimwambia mapema, anakuonyesha ufukwe mpana wa Agosti na kukucheka. Na gharama ya kuhama kwake, kati yake, kituo na manispaa, kila mmoja bado anamtazama mwenzake.