Arosto inatoka wapi? Maswali kuhusu unga, pombe na ubongo

Mwanangu akikosa unga macho yanamtoka maji, anaharisha, anapiga miayo haishi. Si anajidekeza tu?

Hapana bimkubwa, hajidekezi, hiyo ni arosto, mateso ya mwili uliozoea unga ukiukosa. Ndani ya seli za ubongo kuna enzaimu inaitwa adenili saiklezi, kazi yake kuzichangamsha seli. Heroini, yaani huo unga, ikishaingia mwilini inageuka mofini, na mofini inaikandamiza ile enzaimu, ndo unamuona mtu kakaa barazani kidevu kifuani na pumzi inakwenda kwa mbali. Sasa ikikandamizwa kila siku ubongo nao unaiongezea nguvu ili kazi iende, kete ya unga ikikosekana enzaimu inafumka kama mpira uliozamishwa majini ukaachiwa: jasho, moyo mbio, vinyweleo vimesimama, tumbo linakata. Arosto ndo hiyo.

Na pombe je?

Pombe ina njia zake. Enzaimu za ini, na kule ubongoni katalasi, zinaigeuza kuwa asetaldehaidi ambayo ni sumu. Anaekunywa kila siku enzaimu moja ya ini, CYP2E1, inazidi, kwa hiyo hata parasetamoli akizidisha kidogo ini linaweza kuumia vibaya, msimpe ovyo akilalamika kichwa.

Tumfungie chumbani mpaka imtoke?

Jamani hili naomba sana msifanye. Mnywaji mkubwa wa kila siku akikatishwa ghafla anaweza kupata kifafa siku mbili tatu za mwanzo, akaweweseka, akafa, na mlango umefungwa kwa nje. Arosto ya unga kwa mtu mzima ni nadra kuua yenyewe lakini kutapika na kuharisha kunamkausha maji. Mpelekeni hospitali ya Kidongo Chekundu, Zanzibar, wa unga wanapewa dawa ya methadoni, anakunywa mara moja kwa siku mbele ya muhudumu, inakaa mwilini muda mrefu kwa hiyo ile enzaimu ya ubongoni haifumki.

Katoka soba hausi, nyumba ya kuwasaidia wanaoacha, kanenepa, si tumemaliza?

Alhamdulillah, ila hapa ndo pa kuogopa zaidi. Mwili umeshasahau unga, akirudia kipimo kile kile cha zamani pumzi inakata. Ukimkuta hazinduki, anakoroma vibaya, midomo imebadilika rangi, mlaze ubavu, usimnyweshe maziwa wala kummwagia maji, tafuta gari mumkimbize hospitali na useme wazi katumia nini, madaktari wana dawa ya naloksoni ya kumrudishia pumzi.