Likizo ya Machipuko Iliyochelewa: Namna ya Kuchagua Nchi ya Kwenda

Kila mwaka, kuanzia katikati ya Machi, wateja hunijia na swali lile lile: wamepata likizo ya wiki moja, wanataka kutoka nje ya nchi, siku zilizobaki ni chache, waende wapi? Wengi huja na majina ya miji waliyoitamani muda mrefu, kisha huulizia bei. Mimi huanzia upande mwingine. Safari inayopangwa miezi mingi kabla huchaguliwa kwa matamanio, lakini ile ya dakika za lala salama huchaguliwa kwa kuondoa: unafuta kwanza kila nchi ambayo mlango wake umekwisha kufungwa, halafu ndipo unapojiruhusu kutamani miongoni mwa zilizosalia.

Kinachofuta nchi nyingi kwa mkupuo ni hati za kusafiria. Kanuni za viza ya Schengen, inayotumika katika nchi 29 za Ulaya, zinataka ombi liwasilishwe angalau siku 15 kabla ya safari. Ubalozi nao una siku 15 za kutoa uamuzi, na muda huo unaweza kurefushwa hadi siku 45. Hapo sijahesabu foleni ya miadi, ambayo majira haya huweza kuwa ndefu kuliko uamuzi wenyewe. Kwa hiyo, ikiwa pasipoti yako inahitaji viza hiyo na zimebaki wiki mbili, Paris na Roma zifute leo, utafute nchi isiyokudai viza, inayoitoa kwa mtandao, au inayoigonga uwanjani. Nepali, kwa mfano, huwapa raia wa mataifa mengi viza ya siku 15 kwa dola 30 za Marekani wakishatua Kathmandu, na machipuko ni mojawapo ya misimu yake miwili mizuri ya kutembea milimani, wakati rododendroni, ua la taifa la nchi hiyo, limechanua kwenye miteremko. Yordani nayo ina Jordan Pass, pasi ya watalii inayonunuliwa kwa mtandao, ambayo bei yake huanzia dinari 70: ndani yake mna kiingilio cha Petra, mji wa kale uliochongwa mwambani, na kwa wale ambao mataifa yao hupewa viza mpakani, ada ya viza husamehewa wakikaa angalau usiku 3.

Fungua pia pasipoti yenyewe. Nchi za Schengen zinataka iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita na iwe na uhai wa miezi 3 baada ya siku ya kuondoka kwao. Nchi nyingi za Asia zinataka miezi 6. Ikiwa unakokwenda wanadai cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kumbuka kwamba cheti huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano, na hakuna ada ya haraka inayoweza kuzipunguza siku hizo.

Baada ya hati huangalia kalenda ya wenyeji. Pasaka ya Kanisa la Magharibi huangukia kati ya tarehe 22 Machi na 25 Aprili, na ile ya Kiorthodoksi kati ya tarehe 4 Aprili na 8 Mei. Mwaka 2025 zote mbili zilikuwa tarehe 20 Aprili. Mwaka 2026 zimepishana kwa wiki moja, tarehe 5 na 12 Aprili. Msafiri wa Magharibi anayekwenda Ugiriki baada ya Pasaka yake mwenyewe, akidhani msongamano umekwisha, anaweza kukuta feri za visiwani zimejaa Wagiriki, ambao wengi ni Waorthodoksi, wanaorudi makwao kusherehekea Pasaka ya kwao. Japani ina mfululizo wa sikukuu kuanzia tarehe 29 Aprili hadi 5 Mei, wakati ambapo treni na hoteli hujaa wenyeji wenyewe, na Thailand husherehekea Songkran, mwaka mpya wa jadi, tarehe 13 hadi 15 Aprili. Siwaambii wateja wazikimbie sikukuu. Nawaambia wasizigundue wakiwa wamekwisha lipa. Isitoshe, kuna miji ambayo sikukuu huishushia bei: Brussels na Frankfurt huishi kwa wasafiri wa kikazi, na hao wanapokuwa nyumbani, vyumba hubaki.

Hali ya hewa ndipo ninapotumia muda mwingi zaidi, kwa sababu machipuko hudanganya. Ninaposema machipuko nakusudia Machi hadi Mei katika nusu ya kaskazini ya dunia. Kusini wakati huo majani yanapukutika. Katika kipindi hiki hewa hupata joto haraka, lakini bahari hukawia. Mwezi wa Aprili pwani ya Saiprasi inaweza kufika nyuzi 22 mchana ilhali maji yako kwenye nyuzi 17 au 18, na picha ya tangazo, iliyopigwa Agosti, haitakwambia hivyo. Anayetaka kuogelea kweli namwelekeza Bahari ya Shamu, ambako maji hukaribia nyuzi 22 au 23, huku nikimtahadharisha kuhusu khamsini, upepo wa joto wenye vumbi unaovuma Misri majira hayo. Anayetaka milima ya Ulaya kwa gari lazima ajue kwamba njia za juu bado zimefunikwa na theluji: Stelvio ya Italia kwa kawaida haifunguliwi kabla ya mwishoni mwa Mei, na barabara za nyanda za juu katikati ya Aisilandi husubiri Juni. Thailand huwa kwenye kilele cha joto mwezi wa Aprili, na Chiang Mai, kaskazini mwake, hugubikwa na moshi wa mashamba na misitu inayochomwa. Ofa ya huko ikiwa nafuu mno wakati huo, sababu iko angani.

Maua nayo yana saa yake, ingawa hapa aliyechelewa ana nafasi. Mcheri wa Tokyo huanza kuchanua mwishoni mwa Machi, hufikia ukamilifu baada ya wiki moja hivi, kisha petali huanguka upesi. Lakini uchanuaji husafiri kuelekea kaskazini: Hirosaki, mji wa kaskazini, huupata kuelekea mwisho wa Aprili, na kisiwa cha Hokkaido mwanzoni mwa Mei. Aliyeikosa Tokyo anaweza bado kuyawahi maua kwa kusogea juu kwenye ramani.

Bei naiweka mwisho, jambo linalowashangaza wengi. Nauli ya ndege ya bei nafuu kwa kawaida hupanda kadiri siku inavyokaribia, kwani anayenunua mwishoni huchukuliwa kuwa hana budi kusafiri. Kifurushi cha safari, yaani ndege na hoteli zinazouzwa pamoja, hufuata mantiki nyingine: kampuni imekwisha chukua viti na vyumba kwa jumla, na kiti kitupu ndege ikisharuka ni hasara tupu, kwa hiyo hupunguza bei ili kuokoa chochote. Ndiyo maana nafuu ya dakika za mwisho hupatikana zaidi katika vifurushi vya pwani kama Antalya, Hurghada na Visiwa vya Kanari kuliko katika tiketi ya ndege peke yake.

Hata hivyo ofa isomwe mstari kwa mstari. Inaposema usiku saba, tazama saa za ndege: ukitua saa nane usiku na kuondoka saa kumi na moja alfajiri, umelipia usiku saba na kupata siku kamili sita. Tazama pia uwanja. Ule wa Beauvais huuzwa kwa jina la Paris ingawa uko takriban kilomita 85 kutoka jijini, na Hahn huuzwa kwa jina la Frankfurt ukiwa umbali wa takriban kilomita 120. Ongeza nauli ya basi na malipo ya begi, ndipo ulinganishe.

Ikiwa unakwenda mahali kwa ajili ya jambo moja tu, hakikisha jambo hilo linapatikana kabla ya kulipa nauli. Tiketi za Alhambra, kasri la kale mjini Granada, Hispania, huisha mapema sana majira haya, na zile za nyumba ya Anne Frank, msichana wa Kiyahudi aliyeandika shajara akiwa mafichoni, mjini Amsterdam hutolewa kila Jumanne kwa ajili ya ziara za wiki sita mbele.

Zikibaki nchi mbili zinazolingana, mimi huchagua ile yenye ndege ya moja kwa moja, hata kama nauli yake imezidi kidogo. Katika likizo ya siku sita, kuikosa ndege moja ya kuunganisha kunaweza kukula siku nzima, na wakati wa Pasaka ndege inayofuata huenda haina kiti.