Maziwa Hayaoshi Mapafu: Majibu kwa Wasimamizi wa Yadi na Magodauni ya Mombasa

Maswali haya huulizwa na mafomeni na wasimamizi wa Shimanzi, Changamwe, Jomvu na Miritini, aghalabu wakiwa wamesimama mlangoni mwa chumba chetu cha dharura hospitalini na kijana wao tayari yuko kitandani. Afadhali yajibiwe kabla ya hapo.

Kemikali hatari ni zipi hasa?

Chochote kinachoweza kuunguza, kuwaka, kulipuka au kutia sumu. Asidi ya betri, kostiki soda, klorini, tina ya kuyeyushia rangi, petroli, vidonge vya kufukizia nafaka. Saruji mbichi pia imo, ingawa wengi huicheka. Mtungi wenye picha ndani ya umbo la almasi lenye ukingo mwekundu unakuonya. Usiubandue ule ubandiko.

Kila jioni nawanunulia vijana maziwa yatoe sumu. Kuna ubaya?

Wanywe, ni chakula. Lakini hayatoi sumu. Mvuke wa tina unapita puani, unashuka mapafuni, na kutoka hapo unaingia kwenye damu. Maziwa yanakwenda tumboni. Njia ni mbili, hazikutani. Koo likilainika mtu hujiona amepona, na hapo ndipo madhara yanapoanzia: kikohozi kinapuuzwa, kichwa kinachouma kinaambiwa ni jua, na kesho yake anarudi ndani ya tangi lile lile.

Nitasema wazi, kwa heshima: paketi ya maziwa imependwa kwa sababu ni rahisi kuliko barakoa yenye kichungi. Ile barakoa ya kitambaa nayo haizuii gesi hata kidogo.

Na dafu je?

Dafu lina raha yake. Sumu halitoi.

Mtu amemwagikiwa na asidi au kostiki. Nianze wapi?

Maji. Mengi, safi, yanayotiririka, si ya kulowanisha kitambaa. Muda usiopungua dakika 20, ukiutazama kwenye saa, si kwa kukisia. Wewe vaa glavu kwanza. Mvue nguo maji yakiendelea kumwagika. Fulana ikatwe kwa mkasi, isipitishwe usoni. Kama ni unga mkavu, kama chokaa, ukung'ute kwanza ndipo umwage maji.

Na viatu! Tumempokea kijana aliyeoshwa vizuri kifuani na mapajani, ila hakuna aliyemvua gambuti. Kostiki ilikuwa imeteremka ikatuama ndani. Tulipoivuta, soksi ilitoka na ngozi ya kisigino.

Usipake dawa ya meno, mafuta, yai wala maziwa. Usijaribu kuiua asidi kwa magadi juu ya mwili wa mtu. Na kostiki isikudanganye kwa kuwa haiumi kama asidi pale mwanzo: huendelea kuzama ndani ya nyama huku mwenyewe akisema haumii sana.

Si nimkimbize hospitali kwanza, wamuoshe huko?

La. Muoshe hapo hapo. Ukimpakia garini hajaoshwa, kutoka Miritini mpaka hospitali ya Makadara kwa foleni ya Changamwe na Kibarani, kemikali inaendelea kumla njia nzima. Dakika 20 za maji kwanza, mwenzako akitafuta gari. Hili tunalirudia kila siku na kila siku tunaletewa mtu mwenye ovaroli mbichi.

Imemwingia jichoni?

Maji tena, dakika 20, kope zikishikwa wazi kwa vidole, yakitiririka kutoka upande wa pua kwenda nje ili jicho la pili lisalimike. Maziwa jichoni? Hapana. Kisha hospitali, hata kama anaona.

Amevuta gesi, akakohoa sana, sasa yuko sawa. Nimpe maziwa aende akalale?

Hapana. Tena hapana. Mpeleke penye hewa safi, kisha aje hospitali siku hiyo hiyo. Klorini, au gesi ya vidonge vya kufukizia, inaweza kumwacha mtu akicheka na wenzake saa kumi jioni, na usiku mapafu yakajaa maji. Anayelala peke yake chumbani Mikindani hana wa kumwona akihangaika. Maziwa hayatalizuia hilo.

Amemeza?

Asuuze mdomo, ateme, aletwe haraka. Usimtapishe. Ukimjaza maziwa akatapika, kemikali inamchoma koo mara ya pili, na inaweza kuingia mapafuni.

Ameanguka ndani ya tangi, naye ananiita.

Usiingie. Wala usimruhusu rafiki yake aingie. Ndani huenda hakuna hewa, au kuna gesi ya mayai viza ambayo ikizidi huua uwezo wa kunusa, ukadhani imeisha. Wa pili na wa tatu hufia hapo hapo kwa ushujaa. Ndiyo maana anayeshuka hufungwa kamba tangu mwanzo, hewa ikiwa imepimwa, na mtu mmoja amekaa juu bila kazi nyingine.

Sisi tunayeyusha betri kuukuu tu, hakuna anayeungua.

Na mtaa wa Owino Uhuru, hapa Mikindani, ilikuwa betri kuukuu tu. Risasi, ile metali ya ndani ya betri, iliingia kwenye damu za watoto ambao hawakuwahi kukanyaga kiwandani. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira hapa Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Vumbi hupanda matatu na ovaroli hadi nyumbani. Zifuliwe kazini, watu waoge kabla ya kutoka, damu ipimwe. Maziwa hayaitoi risasi.

Mafunzo ya wasimamizi yaanze na nini?

Na bomba. Mfunge kijana macho kwa kitambaa, mwambie apapase mpaka penye maji. Asipofika mara moja, au akakuta madramu yamepangwa njiani, huna bomba. Kisha karatasi ya usalama ya kila kemikali: ina sehemu 16, ya 4 ni huduma ya kwanza. Ikae ukutani, si kabatini ofisini na ufunguo uko kwa bosi. Kibarua wa siku moja naye aelezwe. Sheria ya usalama na afya kazini ya 2007 inataka kamati ya usalama panapokuwa na wafanyakazi 20 au zaidi. Kamati, si jina ubaoni.

Tukimfikisha hospitali mnataka nini?

Picha ya ubandiko wa mtungi. Saa ilipotokea, na maji yalimwagwa kwa muda gani. Jina la kemikali kama lilivyoandikwa. "Ile dawa ya bluu" haitusaidii. Aliyeona ndiye aje, na simu yake iwe na chaji, maana huenda tukahitaji kujua ule mtungi wa pembeni ulikuwa na nini.