Idara ya ugavi: dhana potofu kuhusu nani anafanya nini

Dhana: Ugavi ni jina la kisasa la ununuzi

Ununuzi ni kiungo kimoja cha mnyororo wa ugavi, yaani safari yote ya bidhaa hadi kwa mteja. SCOR, mfumo wa kuelezea kazi za mnyororo huo uliotolewa mwaka 1996, ulizitaja kazi nne: kupanga, kununua, kuzalisha na kufikisha. Baadaye ikaongezwa ya tano, kushughulikia bidhaa zinazorudi. Kampuni nyingi zina mnunuzi, mtunza ghala na msimamizi wa magari, halafu zinaamini idara imekamilika. Anayekosekana ni mpangaji. Uliza swali moja: nani anaamua bidhaa hii iwepo ghalani kwa kiasi gani? Ukitajiwa watu watatu, ujue hakuna mwenye jukumu hilo. Kila mmoja ataagiza kwa hofu yake, na ghala litajaa visivyouzika huku vinavyouzika vikiwa vimekwisha.

Dhana: Mnunuzi bora ni yule anayepata bei ndogo

Hili ndilo kosa linalozigharimu kampuni zaidi, na chanzo chake ni namna watu wanavyopimwa kazini. Mnunuzi anapimwa kwa bei ya kipande, mtunza ghala kwa thamani ya mzigo uliolala, msafirishaji kwa gari kujaa, na watu wa mauzo kwa bidhaa kupatikana. Kila mmoja anaweza kufikia lengo lake na kampuni ikapata hasara.

Tuchukue bidhaa inayouza vipande 40 kwa siku, yenye mchepuko sanifu (kipimo cha jinsi mauzo ya siku yanavyopanda na kushuka kuzunguka wastani) wa vipande 10. Muuzaji wa sasa huleta mzigo baada ya siku 16. Akiba ya tahadhari, yaani mzigo wa ziada wa kuzuia kuishiwa, hupatikana kwa kuzidisha 1.65 kwa 10 kwa kipeuo cha pili cha 16, yaani vipande 66. Kigezo hicho cha 1.65 kinalenga kutoishiwa katika mizunguko 95 ya kuagiza kati ya 100, kama muda wa kusubiri mzigo haubadiliki. Kiwango cha kuagiza tena, yaani idadi ambayo ikifikiwa oda mpya hutumwa, ni 40 mara 16, ujumlishe 66: vipande 706, ukihesabu vilivyo ghalani na vilivyo njiani.

Sasa mnunuzi anahamia kwa muuzaji wa bei nafuu anayeleta baada ya siku 25. Akiba ya tahadhari inakuwa takriban 83 na kiwango cha kuagiza kinapanda hadi 1,083. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ni mzigo ulio njiani, na kama malipo hufanyika mapema, hiyo ni fedha iliyofungwa safarini. Lakini hatari kubwa zaidi ni mpangaji kutoambiwa. Kompyuta inaendelea kuagiza vipande vikifika 706, vinakwisha siku ya 18, na mzigo unaingia siku ya 25. Wiki nzima ya kumwambia mteja "hatuna", na lawama zote zinamwangukia mtunza ghala ambaye hakushirikishwa.

Tiba yake ni ya kiutawala: badiliko lolote la muuzaji, muda au kiwango cha chini cha oda lisipite bila saini ya mpangaji. Mnunuzi naye apimwe kwa gharama yote hadi mzigo unapofika, pamoja na oda zilizofika kamili na kwa wakati.

Dhana: Kampuni ndogo haihitaji kutenganisha majukumu

Inahitaji zaidi, kwa sababu pengo moja linatosha kuiangusha. Kazi za kutenganisha ni nne: kuomba, kuidhinisha, kupokea na kulipa. Mkiwa watatu tu, kanuni ya chini kabisa ni kwamba aliyeagiza asipokee, na aliyepokea asilipe. Malipo yatoke pale tu karatasi tatu zinapokubaliana: oda ya ununuzi, hati ya kupokelea mzigo na ankara ya muuzaji.

Utaratibu huu huvunjika mlangoni mwa ghala. Mpokeaji ananakili idadi kutoka kwenye karatasi ya dereva bila kuhesabu, na karatasi tatu zinakubaliana juu ya uongo. Mpe mpokeaji orodha ya bidhaa isiyo na idadi; atalazimika kuhesabu.

Dhana: Ukihamishia kila kitu makao makuu, gharama hushuka

Baadhi hushuka. Maghala manne yenye mauzo yanayolingana na yasiyotegemeana yakiunganishwa kuwa moja, akiba ya tahadhari hupungua takriban nusu. Upande wa pili, safari ya kumfikia mteja inarefuka, na tawi linasubiri idhini ya kununua nati. Mpangilio unaofanya kazi kwa wengi ni mchanganyiko: makao makuu wanajadili bei na kusaini mikataba ya bidhaa za pamoja, matawi yanaagiza yenyewe chini ya mikataba hiyo, na vitu vidogo vya dharura vina kikomo chake cha fedha.

Dhana: Makadirio ya mauzo ni kazi ya idara ya mauzo

Mauzo wana malengo, na lengo si makadirio. Lengo hupandishwa ili kuwahimiza watu; makadirio yanatakiwa yaseme kinachotarajiwa kweli. Mpangaji aandae makadirio ya msingi kutokana na takwimu, mauzo waongeze wanachokijua kuhusu wateja na promosheni, ugavi waseme kinachowezekana, fedha waangalie mtaji, kisha uongozi uamue. Mzunguko huu ni wa kila mwezi, na hufa mara mkurugenzi anapoacha kuhudhuria.

Dhana: Kazi ya msafirishaji huanza mzigo ukiwa tayari

Huanza kwenye mkataba. Chini ya CIF, mojawapo ya masharti ya biashara ya kimataifa, muuzaji hulipia meli na bima hadi bandari ya mnunuzi, lakini hatari huhamia kwa mnunuzi mzigo unapopakiwa melini huko unakotoka. Mnunuzi asiyejua hilo hukaa akimsubiri muuzaji afidie, wakati anayepaswa kudai bima ni yeye mwenyewe.

Dhana: Cheo kinaeleza kazi

"Meneja ugavi" mahali pengine anaongoza mnyororo wote, kwingine anasimamia ghala tu. Kwenye maelezo ya kazi andika maamuzi anayofanya bila kuomba ruhusa, kikomo cha fedha anachoidhinisha, na jina la cheo kinachokaimu akiwa likizo. Hilo la mwisho husahaulika mno, na oda hulala wiki mbili zikisubiri saini moja.