Kiongeza uzito: kinachoifanya jeli ya alovera isimame

Neno uzito lina maana mbili. Kwenye mizani ya Soko la Mwanjelwa, Mbeya, uzito ni kilo. Jikoni, uzito ni ule wa uji: mwepesi unamiminika, mzito unang'ang'ania kijiko. Kiongeza uzito wanachokitaja watengenezaji wa jeli, shampuu na losheni kinatokana na maana hii ya pili. Kinatiwa kidogo sana, mara nyingi gramu 4 hadi 15 kwa kilo nzima ya jeli, na maji yote yaliyomo yanaacha kukimbia.

Karibu viongeza uzito vyote ni molekuli ndefu mithili ya nyuzi. Zikiwa kavu, zimejikunja. Zikipata maji zinajikunjua, zinasukana, na maji yanakosa pa kupita. Mlenda na bamia hufanya vivyo hivyo, ndiyo maana vinavutika.

Alovera nayo ina nyuzi zake ndani ya ule ute, lakini ni chache, kwa kuwa zaidi ya asilimia 98 ya ute ni maji. Tena jani likishakatwa, vimeng'enya vyake vyenyewe vinaanza kuzikatakata hizo nyuzi. Ute uliokamuliwa asubuhi ukiachwa mezani unazidi kuwa mwepesi kadiri saa zinavyokwenda. Kwa hiyo jeli inayosimama wima ndani ya kopo la dukani haikusimamishwa na alovera, imesimamishwa na kiongeza uzito. Uzito wa jeli haukuambii lolote kuhusu kiasi cha alovera kilichomo, na ule ukijani haukuambii pia, kwa sababu ute halisi hauna rangi. Kijani kile ni rangi iliyotiwa.

Wengi wanaoanza kutengeneza jeli Mbeya na Iringa wametoka kwenye sabuni ya maji, na wanakuja na mazoea ya chumvi. Kwenye sabuni, chumvi inaongeza uzito kweli, kwa sababu inafanya chembe za slesi, kiungo kinachotoa povu (wengine huiita ungaroli), zijipange kuwa minyororo mirefu. Jeli ya alovera haina slesi. Ukitia chumvi hakuna cha kupangwa, na kama kiongeza uzito chako ni kabomeri, unga unaotengenezwa viwandani, kijiko kimoja cha chumvi kinatosha kuigeuza jeli yote kuwa maji mbele ya macho yako.

Hapo ndipo penye kiini cha dhana hii. Kiongeza uzito hakiji peke yake. Kinakuja na masharti yake kuhusu chumvi, kuhusu ukali wa asidi (pH), na kuhusu kihifadhi unachoweza kutumia. Ukichagua kimoja umeshachagua na hayo mengine.

Kabomeri ndiyo inayotoa jeli angavu kama kioo, na wengi waliifahamu kupitia vitakasa mikono. Gramu 4 zinatosha lita moja. Unainyunyiza juu ya maji, unaiacha inywe maji yenyewe hadi izame, na unapata kimiminika chepesi chenye ukungu na asidi. Kisha unatia trietanolamini, kipunguza asidi kinachouzwa kwa jina la TEA, tone kwa tone, kama gramu 6 kwa gramu 4 za kabomeri, na pH ikikaribia 6 hadi 7 ukungu unaondoka na jeli inasimama papo hapo. Inapendeza kuitazama. Lakini alovera ina madini yake ya asili, kalsiamu, magnesiamu na potasiamu, na hayo yanafanya kazi ileile ya chumvi. Kadiri unavyoongeza alovera ndivyo jeli inavyolegea. Isitoshe, vihifadhi vya bei nafuu, sodiamu benzoeti na potasiamu sobeti, vinahitaji pH iliyo chini ya 5 ndipo vifanye kazi, na kabomeri kwenye pH hiyo inaanguka. Huwezi kuwaridhisha wote wawili. Anayetaka kabomeri atumie kihifadhi kingine, fenoksiethanoli, isizidi asilimia 1, na akubali alovera kidogo.

Gamu ya zanthani, kiongeza uzito kingine cha unga, haijali sana chumvi wala asidi. Asilimia 1 inatosha. Kasoro yake ni mbili: ile ya kawaida ya kutengenezea vyakula inatoa jeli yenye ukungu kama maji ya mchele, kwa hiyo lazima utafute aina inayotoa jeli angavu, na jeli yake inateleza na kuvutika mkononi, jambo ambalo wateja wengine hawalipendi.

Wanga wa mahindi au wa muhogo uuache kwenye uji. Unapikika ukawa mzito, ndiyo, ila baada ya siku chache unatoa maji juu na kuota ukungu. Gelatini inayeyuka kwenye joto la mwili.

Kwa jeli ya alovera iliyo angavu na isiyohitaji vifaa vingi, cha kuanzia nacho ni hidroksiethili selulosi, madukani HEC, unga unaotokana na selulosi, yaani nyuzi za mimea. Haina chaji ya umeme, kwa hiyo madini ya alovera hayaisumbui, na inakubali pH ya 4.5 hadi 5 ambako benzoeti na sobeti zinafanya kazi. Kwa kilo moja ya jeli, pima kwa mizani ya gramu: maji yaliyokenekwa 921, HEC 15, glisirini 50, unga wa alovera uliokolezwa mara 200 gramu 5, sodiamu benzoeti 5, potasiamu sobeti 2, na asidi ya sitriki kama 2. Kijiko hakifai hapa. Kijiko cha HEC na kijiko cha zanthani havina gramu sawa, na tofauti ya gramu 5 kwenye kiongeza uzito ni tofauti ya losheni na mpira.

Maji yaliyokenekwa ni maji yaliyogeuzwa mvuke kisha yakarudishwa kuwa maji, hayana madini. Usichukue maji ya betri kutoka kwa fundi: chupa zake zinakaa pamoja na za tindikali na mara nyingi zinajazwa upya.

Tenga gramu 100 za hayo maji kwa ajili ya unga wa alovera na nyingine 50 kwa ajili ya vihifadhi. Yaliyobaki weka kwenye sufuria ya chuma kisichoshika kutu, nyunyiza HEC taratibu huku ukikoroga. Sufuria hiyo ikae ndani ya sufuria kubwa yenye maji ya moto hadi mchanganyiko ufike nyuzi joto 50 hadi 60. Koroga kila baada ya dakika tano. Mwanzoni utaona chembe nyeupe zinaelea kama pumba laini. Baada ya muda zinavimba, kingo zake zinapotea, na mwiko unaanza kuacha njia nyuma yake kabla maji hayajaifunika. Ndani ya nusu saa hadi saa moja unapaswa kuona sakafu ya sufuria bila ukungu.

Tahadhari ya baridi ni ya watu wa Nyanda za Juu hasa. HEC nyingi zimepakwa kitu kinachozichelewesha kunywa maji, ili zisishikane madonge, na ucheleweshaji huo unarefuka maji yakiwa baridi au yakiwa na asidi. Mwezi wa Juni au Julai kule Njombe na Makete, maji ya ndoo asubuhi ni baridi kabisa. Mtu anakoroga, haoni uzito, anaongeza gramu 10 nyingine, bado haoni, anakata tamaa na kwenda kulala. Kesho yake anakuta kitu kinachokatwa kwa kisu. Unga haukuwa mbovu, ulikuwa bado haujaamka. Pasha moto, subiri, usiongeze. Na ndiyo sababu asidi ya sitriki inatiwa mwisho kabisa. Ikitangulia, HEC inaweza kukaa saa nyingi bila kujikunjua.

Jeli ikishakuwa angavu, iache ipoe hadi chini ya nyuzi 40. Yeyusha benzoeti na sobeti kwenye maji uliyotenga, mimina. Koroga unga wa alovera kwenye maji yake hadi uyeyuke wote, mimina. Glisirini ifuate. Halafu yeyusha asidi ya sitriki kwenye maji kidogo na utie kwa matone huku ukikoroga, ukipima kwa karatasi za pH zenye namba hadi ufike kati ya 4.5 na 5. Karatasi ya litmasi haitoshi, inasema tu asidi au si asidi. Ukimimina asidi yote mahali pamoja, benzoeti inageuka punje nyeupe hapohapo. Zikitokea, endelea kukoroga kwa upole na uvuguvugu kidogo, kwa kawaida zinayeyuka tena. Na usiongeze vitamini C kwenye jeli yenye benzoeti, hata kama mteja anaiomba: hizo mbili zikikutana zinaweza kuzalisha benzini, ambayo ni sumu ya saratani.

Kama unatumia zanthani, utaratibu ni mwingine, na mama yeyote anayejua kupika uji ataelewa upesi. Unga mkavu ukitupwa kwenye maji unashika madonge yaliyo mvua nje na makavu ndani, na hayo hayavunjiki tena. Basi changanya gramu 10 za zanthani na gramu 50 za glisirini kwanza, hadi iwe rojorojo laini, ndipo umimine kwenye maji ukikoroga. Glisirini inazitenganisha punje bila kuzivimbisha.

Viputo vya hewa ndivyo vinavyoharibu uangavu kuliko kitu kingine, na vinatoka kwenye blenda. Jeli nzito haiviachii. Koroga kwa mkono, mwiko wa plastiki au chuma (wa mti unahifadhi vijidudu kwenye nyufa), funika, acha usiku mzima. Viputo vya HEC vingi vitapanda vyenyewe. Vya zanthani vinaweza kubaki.

Jani bichi linawezekana, lakini halitoi jeli angavu kirahisi, kwa sababu lina vipande vya kuta za seli. Kata jani, lisimamishe kwenye sinia kwa dakika 15 hadi 30 ili maji ya njano yatoke. Hayo yana aloini, inayowasha ngozi na kuharisha ikimezwa. Menya, osha minofu ya ute, saga, chuja kwa kitambaa safi, pasha nyuzi 65 hadi 70 kwa dakika zisizozidi 15, poza haraka. Kipimajoto ni lazima: kwenye mwinuko wa Mbeya maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo mapovu ya sufuria hayakupi kipimo unachokisoma kwenye maelekezo ya pwani. Jeli ya jani bichi ni ya kutumia nyumbani, ikae kwenye friji na itumike ndani ya wiki. Ikigeuka waridi au kahawia imeoksidika. Ikitoa harufu ya uchachu, mwaga.

Anayetaka kuuza ajue kwamba tangu 2019 vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na bidhaa inapaswa kusajiliwa kabla ya kwenda sokoni.

Kabla ya hapo, jaza vikopo vitatu kutoka kwenye sufuria moja. Kimoja kwenye friji, kimoja kabatini, kimoja dirishani penye jua. Vitazame kila wiki kwa wiki nne. Kikipungua uzito kile cha dirishani peke yake, joto na mwanga ndivyo vinavyovunja nyuzi, badili kopo liwe lisilopitisha mwanga. Vikilegea vyote vitatu, pima pH tena. Ikiwa iko sawa, shuku vijidudu, kwani vipo vinavyokula selulosi, na jeli inakuwa maji kabla hata ukungu haujaonekana juu.