Je, wajua kwa nini upinde hulegezwa upote usipotumika?

Kwenye maduka mengi ya vinyago utakuta upinde umetundikwa ukutani, upote, yaani kamba yake, umekazwa kabisa, kana kwamba mwindaji ametoka mara moja kunywa maji. Mnunuzi huondoka nao na kuutundika sebuleni vilevile. Miaka ikipita, siku kijana wa nyumbani akiujaribu, mshale unadondoka hatua chache mbele yake. Husemwa mti umezeeka. Kwa kweli mti umechoshwa, maana miaka yote hiyo ulikuwa kazini.

Upinde wa mti mmoja una pande mbili zenye kazi tofauti. Mgongo, upande unaotazama windo, huvutwa unapoupinda. Tumbo, upande unaomtazama mpigaji, hubanwa. Mti huhimili kuvutwa kuliko kubanwa, kwa hiyo nyuzi za mti zilizo tumboni ndizo hushindwa kwanza. Ukiupinda kwa sekunde mbili ukaachia, hurudi karibu pale ulipokuwa. Ukiuacha umepinda usiku kucha, wiki, mwaka, nyuzi zile hujikunja kidogo kidogo na kuzoea. Ukija kuufungua upote, upinde unabaki na kibyongo. Na nguvu ya mshale hutokana na mti unaotaka kunyooka. Mti uliokubali kupinda hauna cha kukupa.

Ndiyo maana wapiga upinde waangalifu huutia upote wanapokwenda kupiga na kuulegeza wakimaliza. Kisha hulazwa juu ya vigingi viwili, au kuning'inizwa. Kuuegemeza kwenye kona ndilo kosa ninaloliona sana: uzito wote hukaa ncha ya chini, na sakafu nayo huipa unyevu.

Upote wenyewe unataka kulindwa. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, Tanzania, huutengeneza kwa kano za wanyama, na kano ikilowa hulegea na kurefuka. Wazungu wa zamani walitumia katani na kitani, wakipaka nta ya nyuki ili maji yasipenye. Husimuliwa kwamba kwenye vita vya Crécy, Ufaransa, mwaka 1346, mvua ilipoanza Waingereza walifungua kamba za pinde zao wakazificha chini ya kofia, huku mamluki wa Genoa, ambao pinde zao za mitambo hazikuwa rahisi kufunguliwa, wakilowa nazo.

Mti nao hauupendi unyevu wala ukame. Ukinywa maji huwa mvivu. Ukikauka kupita kiasi, kama ndani ya gari lililoachwa juani, hupasuka. Mafuta au nta juu yake hupunguza kasi ya maji kuingia na kutoka. Kwa pinde za Asia zilizoungwa kwa pembe, kano na gundi, unyevu ndio adui mkubwa kuliko kukaa na upote, kwani pembe na kano huvumilia kupindwa kuliko mti. Wakorea huziweka kwenye sanduku lenye joto dogo ili gundi isilegee.

Halafu kuna mchezo wa watoto: kuuvuta upinde bila mshale na kuuachia. Mshale ndio hubeba sehemu kubwa ya nguvu na kuondoka nayo. Usipokuwepo, nguvu yote hurudi kwenye mti na upote. Upinde mzuri unaweza kukatika kwa mchezo huo wa mara moja.

Mishale ni habari nyingine. Wahadzabe huupasha wano, yaani kijiti cha mshale, moto, kisha huushika kwa meno na kuunyoosha, kwa sababu joto hulainisha mti na ukipoa hushika umbo jipya. Waata wa nyika ya Tsavo, Kenya, waliosifika kwa kuwinda ndovu kwa pinde nzito mno, walikuwa na kazi ya ziada: sumu. Sumu hiyo huchemshwa kutokana na mti wa msunguti mpaka iwe nzito na nyeusi kama lami, kisha hupakwa nyuma ya chembe, yaani ncha kali ya mshale. Ikiachwa wazi hukauka na kubanduka, na mkwaruzo mdogo tu unaweza kumwingiza mwenye mshale mwenyewe hatarini. Kwa hiyo huviringishiwa ukanda mwembamba wa ngozi, unaotolewa pale tu mnyama anapokaribiwa.

Sasa, ule upinde wa sebuleni. Kama umekwisha kupinda, usiukandamize gotini ukidhani utanyooka. Nyuzi zilizojikunja hazirudi, na utauvunja bure. Legeza upote, uuache uwe pambo. Ila kama ulinunua na mishale mikuukuu yenye ngozi imezungushwa karibu na chembe, usiifungue kuona kilichomo. Sumu ya msunguti ikifunikwa vizuri huweza kubaki kali kwa miaka mingi.